Kesi ya Karanga: Historia Fupi ya Chunusi na Chakula

Leo tunasikiliza kesi.

Mshtakiwa namba moja ni karanga. Wenzake kizimbani ni mayai, nyama ya mafuta, parachichi, maziwa na chokoleti. Shtaka lenyewe ni kuotesha chunusi kwenye nyuso za vijana. Mashahidi unawajua: shangazi, rafiki wa bwenini, na yule jirani ambaye hakosi neno. Kijana akitokwa na vipele viwili tu kwenye paji la uso, swali la kwanza ni "Wewe, umekula karanga?" Hukumu inasomwa hapohapo: acha mara moja.

Unaweza kuona ni jambo dogo. Lakini hebu tuende Mwamapalala, mkoani Simiyu, eneo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa Bariadi kabla wilaya ya Itilima haijaanzishwa. Huku ni Usukumani, kwenye pamba, ng'ombe na dengu. Karanga zinatoka shambani, mayai yanatoka kwa kuku wa uani, maziwa yanatoka zizini. Sasa mwambie binti wa kidato cha pili aache vyote hivyo vitatu kwa ajili ya uso wake. Umemwondolea karibu vyakula vyote vya kujenga mwili ambavyo familia yake inavipata bila kuingia dukani, tena katika umri ambao mwili wake unakua kwa kasi. Anabaki na ugali, chai yenye sukari nyingi na andazi la asubuhi. Na chunusi, kama utakavyoona, huenda zikabaki palepale.

Ndiyo maana tunaifungua kesi hii upya. Katika miaka mia hivi iliyopita madaktari wenyewe wameitolea hukumu zaidi ya moja, na zinapingana. Kujua zilivyobadilika, na kwa ushahidi gani, kutakusaidia kuliko orodha yoyote ya "kula hiki, acha kile".

Kwanza, chunusi ni nini hasa?

Ukiwa pwani litumie neno hili kwa uangalifu, maana huko chunusi ni pia jini wa majini anayevuta waogeleaji. Sisi tunazungumzia ile ya usoni.

Chini ya ngozi yako, hasa usoni, kifuani na mgongoni, kuna tezi ndogo zinazotengeneza mafuta. Mafuta hayo hutoka nje kupitia kinyweleo. Ukifika balehe, homoni za kiume (wasichana nao wanazo, kwa kiasi kidogo) huziamsha tezi hizi zifanye kazi kwa nguvu. Wakati huohuo seli zilizotanda ndani ya kinyweleo huongezeka, hushikamana na kuziba mlango. Mafuta yanarundikana ndani. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi za watu wote, anapata makazi mazuri. Mwili nao unajibu kwa uvimbe na usaha.

Umeona hapo hakuna habari ya uchafu. Wala hakuna habari ya mtu kuhitaji mpenzi. Ile hadithi kwamba chunusi huisha ukianza mapenzi ni uongo, na akiambiwa binti wa miaka 15 inakuwa uongo wa hatari.

Urithi una nguvu kubwa. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti wa wanawake mapacha, wakilinganisha mapacha wa kufanana kabisa na wale wa kawaida. Walikadiria kuwa asilimia 81 ya tofauti za chunusi kati ya watu hao ilielezwa na vinasaba. Kwa hiyo ukimwona dada mmoja uso ni laini kama kioo na anakula kila kitu, mwingine anajinyima na bado vipele vinamwandama, usishangae. Hawakuanzia mahali pamoja.

Lakini vinasaba havifanyi kazi peke yake. Swali la kesi yetu ni hili: je, sahani inaweza kuchochea au kutuliza kile ambacho mwili umezaliwa nacho?

Hukumu ya kwanza: acheni utamu na mafuta

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani wangekubaliana na shangazi yako. Vitabu vya magonjwa ya ngozi viliwashauri wenye chunusi waache chokoleti, karanga na jamii yake, vyakula vya mafuta na vitu vitamu. Mantiki ilionekana wazi: ngozi inatoa mafuta, basi mafuta yanayoliwa ndiyo yanayotokea usoni.

Tatizo ni kwamba mwili haufanyi kazi kama bomba. Mafuta ya karanga hayaondoki tumboni yakapanda moja kwa moja mpaka puani. Yanavunjwavunjwa kwenye utumbo, yanasafirishwa kwenye damu, yanatumika au yanahifadhiwa. Mafuta ya ngozi yanatengenezwa na tezi zenyewe, kwa amri ya homoni. Hukumu ya kwanza basi ilisimama juu ya kufanana kwa macho na uzoefu wa kliniki. Karibu hakuna aliyekuwa amepima jambo hili kwa jaribio lenye kundi la ulinganisho.

Hukumu ya pili: chakula hakihusiki

Jaribio lililotikisa mambo lilichapishwa Marekani mwaka 1969, katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Waandishi walikuwa James Fulton, Gerd Plewig na Albert Kligman. Walichukua watu 65: vijana 30 waliokuwa wakihudhuria kliniki ya chunusi na wafungwa wanaume 35. Kila siku kwa wiki nne mshiriki alikula kipande cha chokoleti chenye kakao mara kumi ya ile ya kawaida. Kwa wiki nne nyingine alikula kipande kinachofanana nacho ambacho hakikuwa na kakao. Wakahesabu vipele. Tofauti ya maana haikuonekana.

Basi, habari zikaenea: chakula hakisababishi chunusi. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wengi walifundishwa hivyo, nao wakawaambia wagonjwa hivyo.

Hebu sasa tuliangalie jaribio lenyewe kwa jicho la mtu anayejifunza utafiti. Kile kipande kisicho na kakao kilikuwa na nini? Kilikuwa na mafuta na sukari kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha chokoleti. Kwa maneno mengine, makundi yote mawili yalikula sukari nyingi. Kama sukari ndiyo mhusika, jaribio hili lisingeweza kumkamata, maana alikuwa amekaa pande zote mbili za mizani. Jaribio liliuliza swali moja tu, yaani "je, kakao inaongeza chunusi?", lakini jibu lake likatumika kwa chakula chote. Pia wiki nne ni muda mfupi, maana chunusi moja huchukua wiki kadhaa tangu kinyweleo kizibe mpaka uione.

Kuna doa jingine. Kligman alifanya majaribio mengi kwa miaka mingi ndani ya gereza la Holmesburg, Philadelphia, mpaka programu hiyo iliposimamishwa mwaka 1974. Wafungwa walilipwa fedha kidogo, na wengi baadaye walilalamika kwamba hawakuelezwa vya kutosha walichokuwa wakifanyiwa. Ni mtu huyohuyo aliyechangia sana kuleta tretinoini, dawa ya kupaka ambayo mpaka leo inatibu chunusi duniani kote. Historia ya tiba ina kurasa za namna hii, dawa nzuri na njia mbaya kwenye meza moja, na sisi tunaosoma sayansi hatupaswi kuziruka.

Wakati huohuo, Mulago

Wakati Marekani inafunga faili, maswali mengine yalikuwa yameanzia kwetu Afrika Mashariki. Waliouliza hawakuwa wakifikiria chunusi kabisa.

Hugh Trowell alikuja Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alifika Uganda mwaka 1946. Burkitt unamjua kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Lakini wote wawili waligundua jambo moja kwa kuangalia nani haonekani hospitalini: magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama ya moyo, kisukari cha ukubwani, na baadhi ya magonjwa ya utumbo, yalikuwa nadra kwa wanakijiji wa Afrika Mashariki. Walihoji kama tofauti ilikuwa kwenye chakula, hasa nafaka zisizokobolewa, mikunde na mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 1981 waliihariri pamoja kitabu kuhusu magonjwa ya nchi za Magharibi, yanavyotokea na yanavyozuilika.

Trowell huyohuyo ndiye aliyechunguza kwa kina kwashakoo, ugonjwa wa watoto waliokosa lishe kamili, hasa protini. Kitabu alichoandika na wenzake kuhusu ugonjwa huo kilitoka mwaka 1954. Kwa hiyo katika hospitali moja, mtu mmoja aliona hatari mbili: chakula kilichokobolewa na kutiwa sukari, na chakula kisicho na vya kujenga mwili. Tutamrudia mwishoni.

Mazungumzo haya ya nyuzinyuzi yalimfikia kijana mmoja mtafiti, David Jenkins. Mwaka 1981, akiwa Toronto, Kanada, yeye na wenzake walichapisha kipimo kipya. Waliwapa watu vyakula 62, kimoja kimoja, wakapima sukari ya damu inavyopanda ndani ya saa mbili, kisha wakalinganisha na glukosi. Kipimo hicho kinaitwa fahirisi ya glaisemia. Chakula chenye namba kubwa kinapandisha sukari ya damu kwa kasi. Chenye namba ndogo kinaipandisha polepole. Katika orodha ile, kundi lililotulia chini kabisa lilikuwa la mikunde: maharage, dengu na ndugu zao.

Hapo ndipo kesi ya chunusi ilipopata kifaa ambacho Fulton na Kligman hawakuwa nacho. Badala ya kuuliza "je, ni chokoleti?", sasa ungeweza kuuliza "je, ni kasi ya sukari?"

Kisiwa kisicho na chunusi

Dalili zilikuwa zimeanza mapema. Mwaka 1971 Otto Schaefer, daktari aliyefanya kazi miaka mingi na Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, aliandika kwamba chunusi, ambazo zamani hazikuwa tatizo kwao, zilianza kuonekana kwa vijana pale maisha ya mjini, sukari na soda vilipoingia.

Kisha mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake walichapisha ripoti iliyozua mjadala mkubwa. Ndani yake kulikuwa na kazi ya Staffan Lindeberg, daktari wa Uswidi, aliyekwenda kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, mwaka 1990. Alipita nyumba kwa nyumba, akawakagua watu 1,200 wenye umri kuanzia miaka 10, wakiwemo 300 wa miaka 15 hadi 25. Hakuona chunusi hata moja. Wenzake huko Paraguay waliwafuatilia Waaché 115 kwa siku 843, nao hawakuona.

Watu wa Kitava walikula nini? Msomaji wa Simiyu, kaa vizuri: viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, nazi na samaki. Wanga ulikuwa mwingi tu, na nazi ina mafuta mengi. Ambacho hakikuwepo, au kilikuwa kidogo sana, ni unga mweupe, sukari ya dukani, vinywaji vitamu na vyakula vya viwandani.

Tusikimbilie kushangilia lakini. Ripoti kama hii inaonyesha vitu viwili vikitokea pamoja, na haithibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Watu wa Kitava walitofautiana na wa Ulaya kwa mambo mengi: vinasaba, kazi, jua, uzito, usingizi. Kilichohitajika ni kuchukua vijana wenye chunusi na kubadilisha sahani yao tu.

Melbourne, wiki 12

Mwaka 2007 Robyn Smith, Neil Mann na wenzao wa Melbourne, Australia, walichapisha jaribio hilo. Walichukua vijana wa kiume 43 wenye chunusi, miaka 15 hadi 25, kwa wiki 12. Nusu walikula protini zaidi na wanga wa kasi ndogo. Nusu waliendelea na mlo wao wenye wanga mwingi. Aliyehesabu vipele hakujua nani yuko kundi gani.

Makundi yote mawili yalipata nafuu, maana chunusi hupanda na kushuka zenyewe. Lakini kundi la mlo mpya lilipungukiwa vipele takriban 23 kwa wastani, na lile jingine 12. Mwaka 2012 watafiti wa Korea Kusini nao waliripoti nafuu baada ya wiki 10 kwa wagonjwa 32.

Njia yenyewe inaeleweka. Sukari ya damu ikipanda kwa kasi, kongosho linamwaga insulini nyingi. Insulini nyingi huongeza nguvu ya homoni nyingine ya ukuaji iitwayo IGF-1, na kuzipa nafasi zaidi homoni za kiume. Zote mbili zinaziamrisha tezi za ngozi kutengeneza mafuta zaidi na seli za kinyweleo kuongezeka. Kuna ushahidi kutoka upande mwingine pia: watu wenye ugonjwa wa kurithi uitwao Laron, ambao miili yao ina IGF-1 kidogo sana, kwa kawaida hawapati chunusi.

Mbona basi hatujafunga kesi? Kwa sababu majaribio haya ni madogo. Pale Melbourne kundi la mlo mpya lilipungua pia uzito, karibu kilo 3, na kupungua uzito kwenyewe kunashusha insulini. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani wa mwaka 2024 unasema ushahidi bado hautoshi kuweka mlo huu kama tiba rasmi. Si kwamba wanaukataa. Wanasubiri majaribio makubwa zaidi.

Na maziwa je? Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichambua majibu ya wauguzi wanawake 47,355 kuhusu walichokula walipokuwa sekondari. Waliosema walikunywa maziwa mengi, hasa yaliyoondolewa mafuta, waliripoti chunusi kali mara nyingi zaidi kidogo. Lakini hebu jiulize wewe: unakumbuka ulikunywa vikombe vingapi vya maziwa kwa wiki ukiwa kidato cha tatu? Ushahidi wa kumbukumbu una kikomo chake. Kwa familia ya wafugaji, hiyo si sababu ya kumnyima mtoto kibuyu cha maziwa ya mgando.

Turudi Mwamapalala

Sasa tuiangalie sahani ya Usukumani kwa historia hii mkononi.

Kabla mahindi hayajatawala, nafaka kuu za huku zilikuwa mtama na uwele. Viazi vitamu, ambavyo Wasukuma wanaviita numbu, vilihifadhiwa kwa kiangazi kwa namna mbili: michembe, inayokatwa na kuanikwa, na matobolwa, yanayochemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Majani ya kunde yalikaushwa. Karanga zilitwangwa na kutiwa kwenye mboga. Choroko na dengu zilikuwepo shambani, na dengu inalipenda lile tope jeusi la mbuga.

Kisha ikaja fedha ya pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba Usukumani kilipanuka sana, na vyama vya ushirika vikakua mpaka mwaka 1955 vikaunda shirikisho la Victoria, ambalo jina la Paul Bomani halitenganishwi nalo. Fedha ya pamba ilileta baiskeli, bati na ada za shule. Ilileta pia sukari, majani ya chai na unga wa ngano. Mahindi yakachukua nafasi ya mtama, mashine za kukoboa zikafanya sembe nyeupe kuwa chakula cha heshima, na dona ikaonekana ya mtu aliyeishiwa. Leo dengu inalimwa Simiyu kwa wingi, lakini sehemu kubwa inauzwa na kusafirishwa nje, hasa India. Tunauza chakula kilichokaa chini kabisa kwenye orodha ya Jenkins, halafu fedha yake tunanunulia soda.

Na soda si utani. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inabeba gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai.

Kwa hiyo, ukiwa na chunusi na unataka kujaribu chakula, huhitaji kununua kitu cha ajabu kutoka mjini. Fanya hivi kwa wiki 12, maana chini ya hapo hutajua kitu:

Punguza kwanza vinywaji vitamu: soda, juisi za pakiti, chai ya vijiko vinne. Hapa ndipo mabadiliko ni makubwa na gharama inapungua badala ya kuongezeka.

Badala ya maandazi na mkate mweupe asubuhi, kula kiazi kitamu cha kuchemsha, au michembe na karanga, au yai.

Ugali usiuache, ila usiwe peke yake. Tonge dogo zaidi, na choroko, dengu, maharage, dagaa na mlenda kwa wingi zaidi. Nyuzinyuzi, protini na mafuta hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na vitamini, lakini usidhani kwamba mahindi yakisagwa laini na pumba zake yanageuka kuwa dengu.

Karanga kula. Zina wanga kidogo, zinapandisha sukari polepole sana, na hakuna jaribio zuri lililowahi kuzitia hatiani. Kama wewe binafsi unaona chakula fulani kinakuchokoza, kiache wiki kadhaa kisha ukirudishe uone. Kimoja kimoja, usiache vitu sita kwa siku moja.

Hapa ndipo tunamrudia Trowell. Mlo wa kutuliza chunusi usigeuke njaa. Kijana anayekua akikosa mayai, maziwa, karanga na samaki anapoteza kitu kikubwa kuliko ngozi laini.

Hatari iliyo kubwa kuliko chunusi

Jambo la mwisho, na tafadhali lisome mpaka mwisho. Kwenye ngozi nyeusi, chunusi ikipona mara nyingi huacha doa jeusi linalokaa miezi. Doa hilo humsumbua mtu kuliko kipele chenyewe, na ndilo linalomsukuma kwenye mkorogo. Mwaka 2011 watafiti walichapisha mahojiano na wanawake 42 wa Dar es Salaam wanaojichubua. Miongoni mwa sababu walizotoa, pamoja na kutaka weupe, ilikuwa kuondoa chunusi, vipele na magonjwa ya ngozi. Yaani wengine waliingia mlangoni wakitafuta tiba.

Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, viambato ambavyo serikali ya Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Steroidi hupunguza uvimbe siku za mwanzo, unaona umepona, kumbe ngozi inakuwa nyembamba. Baadaye steroidi hiyohiyo inaotesha chunusi mpya. Unapaka zaidi, zinaota zaidi. Zebaki nayo inaharibu figo.

Tiba halali ipo na si ya kifahari. Benzoili peroksidi ya kupaka inapatikana kwenye maduka mengi ya dawa mijini. Kama vipele ni vikubwa, vinauma, au vinaacha makovu, usisubiri mlo ufanye kazi: nenda kituo cha afya uombe rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa kuna hospitali ya Bugando, Mwanza, na pale KCMC, Moshi, kuna kituo kilichoanza mwaka 1992 kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Sasa hukumu, kwa ushahidi uliopo mpaka leo. Karanga ziachiwe huru. Mayai na parachichi hawana kesi ya kujibu. Kakao ilipimwa kwa jaribio bovu, na kesi yake bado haijafungwa. Maziwa yako nje kwa dhamana. Sukari na unga uliokobolewa tuna sababu ya kuwashuku, ila ushahidi hautoshi kuwafunga maisha. Na vinasaba, mchochezi mkuu, hatuna pingu za kumfunga.

Ukimsikia mtu anamnyang'anya mdogo wako bakuli la karanga kwa sababu ya kipele, mwambie arudishe. Kama anataka kunyang'anya kitu, achukue ile chupa ya soda.